Kibao, kastabini na shahidi aliyeona kwa macho yake

Juzi nilirudi ofisini na habari ya ajali, nina mashahidi watatu, kila mmoja ananiapia kwamba alikuwepo na aliona. Gari moja, rangi tatu! Mhariri alicheka. Mimi nikamkumbuka Davey.

Tuanze na Slade lakini. Henry Slade, Mmarekani, alifika London mwaka 1876 akidai kwamba roho za wafu humwandikia. Unaketi naye mezani, anakishika kibao (kile cha mawe walichoandikia wanafunzi zamani) chini ya meza, unasikia mkwaruzo, kibao kinatoka na ujumbe. Watu walilipa. Septemba mwaka huo mwanasayansi Ray Lankester, akiwa na daktari Horatio Donkin, alimpokonya kibao kabla roho hazijapewa nafasi ya kuandika. Maandishi yalikuwepo tayari. Mahakamani Bow Street, Alfred Russel Wallace, mwenzake Darwin katika nadharia ya mageuzi, alisimama kumtetea Slade, wakati Darwin mwenyewe alichangia paundi 10 kimya kimya upande wa mashtaka. Slade akapewa miezi mitatu na kazi ngumu, akashinda rufaa kwa kasoro ya maneno kwenye hati, akaondoka Uingereza haraka.

Kifaa chenyewe ni kidogo mno. William Robinson, mfanya mazingaombwe, alieleza ujanja huu katika kitabu chake cha mwaka 1898. Unachukua kastabini, kile kikofia cha chuma cha fundi cherehani, unakitia kipande cha kalamu, unakivaa kidoleni. Mkono unaonekana umeshika kibao tu, kumbe kidole kinaandika. Hao wa siku hizi wanaosoma mawazo jukwaani wana ndugu yake, kincha kinachokaa kwenye kidole gumba. Unataja namba, yeye anaiandika baada ya wewe kuitaja, nawe unaapa iliandikwa kabla.

Nimejaribu, jamani. Ncha ya penseli, selotepu, kadi. Saba yangu ilitoka kama moja iliyolewa. Kuandika bila kutazama, bila mkono kutikisika, huku unaongea na mtu usoni, si kazi ya jioni moja.

Davey alifanya hayo mazoezi. S. J. Davey alikuwa kijana wa Kiingereza aliyeanza kama muumini wa vibao, kisha akajifunza kuviandika mwenyewe. Mwaka 1886 aliwaita watu wasomi, akawaonyesha, akawaomba waandike walichoona. Richard Hodgson akazichapisha ripoti zao mwaka 1887. Wameandika kwamba vibao havikutoka machoni pao, kumbe vilibadilishwa. Wamesahau kwamba Davey alitoka chumbani. Wamepanga matukio kinyume, kwa unyoofu kabisa, bila nia ya kudanganya. Hapo ndipo niliposimama kusoma nikaitazama notibuku yangu.

Wallace je? Mwaka 1891 aliandika kwamba mpaka mbinu zielezwe, Davey naye ahesabiwe kuwa na nguvu za roho! Davey hakuweza kumjibu, alikuwa amefariki Desemba 1890. Hodgson ndiye aliyezimwaga siri zake hadharani mwaka 1892.