Injini za magari: nguvu zaongezeka, mafuta je?

Gari linalotoka Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, kwenda Bugarama huanzia chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Mlima huo hupima mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya injini na ulaji wake wa mafuta. Nchini Burundi, ambako petroli, au esansi kama wengi wanavyoiita, imekuwa adimu kwa miaka kadhaa, jambo hilo haliwahusu mafundi peke yao.

Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na injini ya lita 2.9 yenye nguvu za farasi 20. Toyota Corolla ya kwanza, ya mwaka 1966, ilitoa nguvu za farasi 60 kwa injini ya lita 1.1 tu. Probox ya lita 1.5, inayobeba abiria na mizigo hadi mikoani, hutoa zaidi ya 100.

Tofauti hiyo imetokana hasa na namna mafuta yanavyochomwa. Injini za sasa hugandamiza zaidi mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kuuwasha. Aidha, kabureta iliyochanganya kwa makadirio imeachia nafasi mfumo wa sindano, ambao kompyuta hupima kila tone.

Hata hivyo, maarifa hayo hayakuokoa mafuta daima. Nchini Marekani, magari mapya ya mwaka 1975 yalikula wastani wa lita 18 kwa kilomita 100. Kufuatia mgogoro wa mafuta wa 1973 na sheria ya 1975, kiwango hicho kilishuka hadi lita 11 hivi mwaka 1987. Mafuta yaliposhuka bei, wanunuzi walirudia magari mazito yenye nguvu, na kufikia 2004 ulaji ulikuwa umepanda hadi lita 12. Siku hizi uko chini ya lita 9.

Kwa dereva wa Bujumbura, mlima una hesabu yake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa hupungua. Gari likizidishiwa mzigo, au tairi zikikosa upepo wa kutosha, faida ya injini bora huishia njiani.