Kutoka Darasani Kurudi Mkekani

Katika vitongoji vya Buganguzi, wilayani Muleba, nyumba nyingi zimezungukwa na kibanja: migomba, mibuni, na maharage chini yake. Mtoto asiyeona akizaliwa humo, wanaomlea ni mama na bibi, miaka mingi kabla mwalimu hajalisikia jina lake. Nchini Tanzania, huduma kwa watoto kama huyu ilianzia darasani, ikarudi kliniki, na sasa ndiyo inautafuta mkeka anaolazwa.

Mwaka 1950 Waanglikana walianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Walutheri wakafuata Irente, Lushoto, mwaka 1963. Mkoani Kagera, Shule ya Msingi Mugeza Mseto, Bukoba, imewapokea wasioona pamoja na wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida. Shule hizi ziliwapa watoto nukta nundu, nukta sita za Louis Braille, na kwa nukta hizo wengi wakapata elimu. Lakini bweni humngoja mtoto afikishe umri wa shule. Miaka ya mwanzo ilibaki mikononi mwa familia, bila wa kuielekeza.

Kliniki nayo ilianza kwa kinga. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha utafiti wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho. Zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Kwa nusu ya watoto wote 130 chanzo kikuu kilikuwa upungufu wa vitamini A. Wengine walidhuriwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Ndiyo maana chanjo ya surua na matone ya vitamini A ni ulinzi wa macho pia. Na mzazi akiona weupe ndani ya mboni, asingoje: huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani.

Kuhusu mkeka, Selma Fraiberg wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba mtoto asiyeona huchelewa kunyoosha mkono na kutambaa, kwa kuwa sauti pekee bado haimwambii kwamba kuna kitu cha kushika. Hutulia mama anapoongea, na mama hudhani amekataliwa. Kumbe anasikiliza. Fraiberg aliwafundisha wazazi kuitazama mikono ya mtoto, kwani ndiyo inayosema yale ambayo uso hausemi.

Somo hilo halihitaji jengo. Linahitaji mhudumu wa afya afike kibanjani, akae na mama na bibi, awaonyeshe: mwite jina kabla ya kumgusa, mpe ndizi aipapase kabla haijamenywa, mkalishe penye ungo. Vidole vilivyochambua maharage pamoja na bibi vitafika shuleni vikiwa vimekwisha kuanza kusoma.