Kuchora ku ordinateri, ionekane kama ya kreyo

Muchoraji anaweza kushinda kutwa nzima ku ordinateri akichora uso wa mutu, kisha mwenye kuiagiza anaiangalia na kusema: « Hii ni ya mashini. » Anakuwa na haki. Mistari ni laini kupita kiasi, mweupe ni mweupe kuliko karatasi yoyote, na mweusi hauna mwisho. Kreyo haifanyi vile.

Programu moja inayosaidia hapo ni Krita. Jina lenyewe ni neno la Kiswidi, maana yake chaki. Inapatikana bure ku tovuti yake, kwa Windows, Linux na macOS, na kisha kuipakua intaneti haihitajiki tena. Mutu akikuuzia ndani ya flashi, mulipe bei ya flashi tu.

Kwa kipanya ni vigumu, sababu kipanya hakijui nguvu ya mukono. Kalamu ya tableti ya kuchora inajua: ukikandamiza, mustari unakuwa munene na mweusi, ukigusa kidogo, unafifia. Tableti ndogo isiyo na kioo inakula umeme wa ordinateri yenyewe kupitia waya ya USB, na kalamu nyingi za Wacom hazitumii pile. Umeme ukikatika, mwenye laptopu anaendelea mupaka betri iishe.

Siri kubwa ni karatasi. Karatasi ya kweli iko na vimashimo vidogo. Kreyo inagusa vilima na kuacha mabonde meupe. Ndiyo maana ndani ya Krita kuna brosi zenye alama za karatasi, na hizo ndizo za kuchagua. Usianze na mweupe safi: weka chini rangi kama ya unga wa muhogo. Mahali pa mweusi, tumia kijivu chenye giza. Giza la kivuli lijengwe polepole, mistari juu ya mistari, si kumwaga rangi mara moja. Na gome ya kweli haifuti yote, inaacha alama. Punguza basi nguvu ya gome ya programu.

Rangi ya maji iko na tabia yake. Maji yakikauka yanasukuma rangi pembeni, sawa vile kahawa iliyomwagika ku meza inaacha duara. Pasipo ule ukingo wenye giza, hakuna atakayeamini.

Kosa la wengi ni kurudisha nyuma kila mustari kwa Ctrl+Z. Mistari yenye kutetemeka kidogo ndiyo inaonyesha mukono. Afazali kubonyeza M: picha inageuka kama ndani ya kioo, na jicho lililopinda linaonekana palepale.

Kwa kuchapisha ku A4, fungua kazi tangu mwanzo ku piseli 2480 kwa 3508. Ikiwa ndogo, alama za karatasi zitapotea. Uombe pia karatasi isiyong'aa. Yenye kung'aa inarudisha sura ya mashini. Na munuaji aambiwe kabla ya kulipa kama ilichorwa ku ordinateri.