Mwendo wa Mnyama katika Mbalamwezi

Mtu asimamaye nyikani usiku wa mwezi mpevu huona mengi: kivuli chake mwenyewe, mstari wa njia, punda milia wakishuka majini. Kwa hiyo hudhani kwamba kamera nayo yaona vivyo hivyo. Sivyo. Nuru ya mwezi mpevu ni dhaifu kuliko ya jua kwa kadiri ya mara 400,000. Picha iliyopatikana mchana kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, usiku huo hudai zaidi ya saa nzima, kwa lenzi ile ile na kioo kile kile. Mlima huweza kuingoja saa hiyo, lakini simba arukaye hawezi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Umasai na pande za Kilimanjaro, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, huku wapagazi wakimchukulia kamera nzito na vioo vyake. Mwezi haukumfaa, basi akaja na moto wake mwenyewe. Mwaka 1887, huko kwao Ujerumani, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walikuwa wametunga unga wa magnesi uliochanganywa na dawa nyingine, ambao ukiwashwa huwaka wote mara moja kwa mwanga mkali mno. Unga huo ulikuwa baruti ya namna yake: ukipata unyevu hauwaki vema, na ukishikwa vibaya humwunguza mwenye kuushika. Tena ilipasa kamera ifunguke papo hapo moto uwakapo, kwani ikichelewa kidogo tu kioo hakipati kitu.

Schillings alitega kamera zake karibu na maji, au mbele ya punda au ng'ombe aliyefungwa kuwa chambo, na mnyama mwenyewe alipovuta uzi ndipo moto ulipowaka. Picha hizo, zilizochapwa katika kitabu mwaka 1905, zilisifiwa sana Ulaya, na kwa haki. Ila si haki kumsahau yule punda, ambaye hofu yake ndiyo iliyozinunua baadhi yake.

Na mwezi haumo katika picha zile. Hata nyika ikiwa nyeupe kwa mbalamwezi, mwanga wa magnesi ulimfikia mnyama wa karibu tu, ukaacha nyuma yake weusi mtupu.

Watengenezaji wa sinema walishika njia ya kinyume. Wao walitaka mwezi uonekane na farasi wakimbie chini yake; basi wakapiga picha mchana wa jua, wakapunguza mwanga uingiao katika lenzi, na kuikwepa mbingu isije ikawaumbua. Wafaransa huuita ujanja huu "usiku wa Kimarekani," na François Truffaut aliufanya kuwa jina la filamu yake ya mwaka 1973. Mtazamaji makini huugundua kwa taa za madirishani, ambazo hufifia mahali palipopaswa zing'ae.

Kamera za leo, kwa lenzi pana na vihisi vikali, zimeipunguza saa ile hata ikawa kama robo ya sekunde. Ni maendeleo makubwa. Lakini katika robo ya sekunde simba akimbiaye kwa nguvu huvuka zaidi ya mita 2, na pichani huonekana kama ukungu mrefu wa rangi ya mchanga, usio na kichwa wala mkia.