Utonesho kwenye paa la kitalu nyumba

Utonesho kwenye paa la kitalu nyumba ni kugeuka kwa mvuke kuwa maji upande wa ndani wa kioo au plastiki, pale paa linapopoa na joto lake kushuka chini ya kiwango cha umande cha hewa iliyomo. Athari yake kwa mwanga hutegemea zaidi umbo la maji hayo kuliko wingi wake.

Polithini haishikani vizuri na maji, hivyo maji hujikusanya kuwa matone yaliyovimba. Mwale ulioingia kwenye tone na kugonga ukingo wake kwa pembe inayozidi takriban nyuzi 49 kutoka mstari wima wa uso huo hauwezi kupenya; huakisiwa ndani ya tone, na sehemu ya mwanga hurudi nje. Kwenye kioo safi maji husambaa kuwa utando mwembamba, na upotevu huwa mdogo.

Watengenezaji huchanganya kwenye polithini viambato vinavyosambaza maji, ingawa huoshwa polepole kadiri muda unavyopita. Paa lenye mwinamo huteremsha maji pembeni yasidondokee mimea na kuchochea ukungu wa botritisi, adui wa wakulima wa waridi, wakiwemo wa Naivasha, Kenya. Usiku, tabaka la maji hupunguza mnururisho wa joto unaopotea kupitia polithini.