Mitaa Iliyobomolewa na Watu Walioikumbuka

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mtaa, kibao, ramani, dai. Tutayakuta yote katika somo la leo.

Leo twaenda Afrika Kusini, katika mji wa Cape Town. Mji huo umekaa chini ya mlima ambao kilele chake ni bapa kama meza. Karibu na bandari, kwenye mteremko wa mlima, palikuwa na mitaa iliyoitwa District Six, yaani Wilaya ya Sita. Jina hilo halina maana ya ndani. Mwaka 1867 mji uligawanywa kwa hesabu, na sehemu hii ikawa ya sita.

Walikaa humo wazao wa watumwa walioachwa huru, makuli wa bandarini, mafundi, wachuuzi, na wageni waliotoka ng'ambo. Msikiti ulikuwa karibu na kanisa. Njia kuu iliitwa Hanover Street, nayo ilijaa maduka na watu. Lakini tusidanganyane. Nyumba nyingi zilikuwa mbovu, watu walibanana vyumbani, na wahuni walikuwako. Wenye nyumba walipokea kodi bila kutengeneza kuta.

Watu wa kwanza kufukuzwa hawakufukuzwa na serikali ya makaburu. Mwaka 1901 uliingia ugonjwa wa tauni mjini. Wakuu wa wakati ule waliwatwika Waafrika weusi lawama ya ugonjwa, wakawahamisha kwa nguvu nje ya mji, mahali palipoitwa baadaye Ndabeni. Nalitaja jambo hili kwa sababu wasimuliaji wengi wa District Six huanzia miaka ya 1960, na wale wa 1901 husahauliwa.

Mwaka 1950 serikali ya ubaguzi ilitunga sheria ya kugawa ardhi ya miji kwa rangi za watu. Tarehe 11 Februari 1966 ilitangazwa kwamba District Six ni mahali pa Wazungu peke yao. Miaka miwili baadaye uhamisho ukaanza. Matingatinga yakaja, nyumba zikaangushwa mtaa baada ya mtaa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameondolewa. Walipelekwa mbali na mji, katika nchi tambarare ya mchanga na upepo iitwayo Cape Flats. Waliokuwa majirani kwa miaka arobaini walitawanywa, huyu huku na yule kule. Mzee aliyezoea kwenda kazini kwa miguu sasa alihitaji nauli kila siku.

Makanisa machache na misikiti haikubomolewa. Watu walitoka huko mbali kuja kusali palepale, wakatoka nje na kutazama majani yaliyoota mahali palipokuwa sebule zao. Sehemu ya ardhi ilijengwa chuo cha ufundi, lakini sehemu kubwa ilibaki tupu miaka na miaka, maana upinzani ulikuwa mkali.

Serikali ilibadili hata jina. Mwaka 1970 mahali hapo pakaitwa Zonnebloem. Hapa fikirini kidogo, wanafunzi. Nyumba zimekwenda, njia zimefukiwa, jina limefutwa. Mtoto aliyezaliwa Cape Flats atajuaje kwamba babu yake alikuwa mtu wa mjini?

Waandishi walisaidia. Alex La Guma, mzaliwa wa mitaa hiyo, alikwisha kutoa hadithi yake mwaka 1962, A Walk in the Night, lakini serikali ilipiga marufuku maandishi yake, hata watu wa kwao hawakuweza kuyasoma kwa uhuru. Mwaka 1986 Richard Rive, mzaliwa wa huko pia, alitoa kitabu kingine. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi kubwa ilifanywa na watu wasioandika vitabu.

Mwaka 1988 wakazi wa zamani na wenzao walianza harakati ya kuzuia ardhi ile isijengwe na wengine. Tarehe 10 Desemba 1994, mwaka ule ubaguzi uliposhindwa katika uchaguzi, wakafungua maonyesho ndani ya kanisa kuukuu la Kimethodisti mjini. Walitundika vibao vya majina ya mitaa. Vibao hivyo vilikuwa vimehifadhiwa kwa siri na mmoja wa wale waliosimamia ubomoaji, ingawa aliambiwa avitupe. Sakafuni wakatandaza ramani kubwa ya mitaa yote, iliyochorwa kwa mkono.

Ilitarajiwa maonyesho yadumu wiki mbili. Lakini watu walikuja, wakapiga magoti juu ya ramani, wakaandika kwa kalamu: hapa tulikaa sisi, hapa palikuwa na duka, hapa kinyozi. Mmoja alisahau, mwenziwe akamkumbusha. Palikuwa na kitambaa kirefu pia, watu wakaandika majina yao, nayo yakashonwa kwa uzi yasifutike. Maonyesho yale hayakufungwa. Ndiyo makumbusho ya District Six, yako hadi leo.

Je, masimulizi haya yalikuwa ya kujiliwaza tu? La. Mwaka huohuo wa 1994 ilitungwa sheria ya kurudisha ardhi kwa walionyang'anywa baada ya tarehe 19 Juni 1913. Wengi wa District Six walikuwa wapangaji, hawakuwa na hati yoyote ya kumiliki. Sheria iliwaruhusu nao kudai, na ikairuhusu mahakama kusikiliza hata habari ambazo shahidi alizipata kwa wengine. Kwa hiyo mtu aliyeweza kueleza alikaa nyumba gani, jirani wake nani, na alitolewa siku gani, alikuwa na neno la kusema mbele ya hakimu. Siku ya mwisho ya kupeleka madai ilikuwa 31 Desemba 1998.

Tarehe 11 Februari 2004 wazee wawili waliopita miaka 80 walikabidhiwa funguo za nyumba mpya na Nelson Mandela. Lakini kazi ilikwenda polepole mno. Wengi walikufa wakingoja, na mwaka 2019 mahakama iliilaumu serikali kwa kukawia. Mwaka huo jina la District Six lilirudishwa rasmi.

Sasa, mwalimu, chukua chaki uchore sakafuni mtaa mnaokaa. Mkubwa wenu kwa umri aanze kutaja palikuwa na nini zamani, na mwingine aandike. Mkibishana, andikeni maneno ya pande zote mbili.