Hesabu ya Viti na Hesabu ya Mioyo

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mkataba wa Amani uliotiwa saini mjini Arusha tarehe 4 Agosti, 1993, kati ya Serikali ya Rwanda na chama cha RPF, ulikuwa jaribio la kuukanusha usemi huo kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa makini. Viti 21 vya Baraza la Mawaziri viligawanywa hivi: MRND, chama cha Rais Juvénal Habyarimana, viti 5, RPF 5, MDR 4, kikiwamo cha Waziri Mkuu, PSD 3, PL 3, na PDC 1. Yasipopatikana maafikiano, uamuzi ungepitishwa kwa theluthi mbili za kura. Hata jeshi liligawanywa: askari asilimia 60 kutoka upande wa Serikali na 40 kutoka RPF, na maofisa nusu kwa nusu.

Lakini viti hivyo vilipewa vyama. Kwa hiyo, aliyetaka kuuvunja mkataba hakulazimika kuupinga hadharani. Ilimtosha kuvipasua vyama vyenyewe. MDR na PL viligawanyika, kila kundi likidai kuwa ndilo lenye haki ya kuteua. Tarehe 5 Januari, 1994, Rais aliapishwa mjini Kigali, ila serikali ya mpito haikuapishwa. Tarehe 6 Aprili ndege yake ilitunguliwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Siku iliyofuata aliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tarehe 19 Julai, 1994, iliapishwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nayo Katiba ya mwaka 2003 iliweka sharti kwamba chama chenye wabunge wengi kisishike zaidi ya nusu ya Baraza la Mawaziri, na kwamba Rais na Spika wa Baraza la Wabunge wasitoke chama kimoja. Masharti hayo yalibakizwa katika marekebisho ya mwaka 2015.

Funzo la Arusha liko wazi. Sheria yaweza kugawa viti, lakini haiwezi peke yake kugawa uaminifu. Mgawanyo wa madaraka hupimwa kwa yule aliyepata fungu dogo: je, akisema, anasikilizwa, na akipinga, analala salama? Pasipo hayo, hesabu iliyo sahihi karatasini haimlindi mtu.